Mbegu ya Nyasi Haiisubiri Hazina

Mbegu ya nyasi haisomi waraka wa Hazina ya Kitaifa. Inachojua ni udongo, joto na tone la kwanza la vuli. Katika nyika za Kajiado, Makueni na Kitui tone hilo huanguka katikati ya Oktoba au mwishoni mwake, na Desemba ikikatika mawingu yamekwisha kuaga. Serikali za kaunti nazo zina msimu wao. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, mgao kutoka Nairobi huchelewa hadi magavana wakapiga kelele, zabuni hutangazwa, walioshindwa hukata rufaa, na lori la mbegu linapong'oa nanga hatimaye, mvua imebakiza wiki chache tu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha nyingi za kufufua malisho zinapopotelea. Tunabishana kuhusu aina ya mbegu na bei ya kilo, ilhali mbegu ni sehemu ndogo ya gharama ya kazi nzima. Kilicho ghali ni wakati: zile wiki chache kabla ya mvua, na ile miezi mingi baada yake ambapo mifugo hawaruhusiwi kukanyaga shamba. Anayepanga bajeti bila kuhesabu vyote viwili ananunulia ndege na sisimizi chakula.

Sihitaji kumkumbusha mfugaji yaliyotokea kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Hapa Kenya pekee, zaidi ya mifugo milioni 2.5 walikufa. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Simanjiro nchini Tanzania, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo waliangamia kufikia mwanzoni mwa 2022. Kisha mvua ikarudi kwa fujo: masika ya 2023, vuli ya El Nino mwishoni mwa mwaka huo, halafu masika ya 2024 iliyobomoa madaraja na kusomba watu. Kwa mtu mwenye ardhi iliyobaki kipara, misimu kama hiyo ni nafasi ya kupanda nyasi ambayo huenda asiipate tena kwa miaka kumi.

Lakini nafasi hiyo ilimtaka awe na mbegu ghalani, na hapo ndipo ulipo mtego wa biashara hii. Baada ya ukame mkali kila mtu anatafuta mbegu kwa wakati mmoja, na mbegu ndizo haba, kwa kuwa nyasi zilizopaswa kuzaa mbegu hizo ndizo zilizokauka. Bei hupanda wakati mfugaji hana ng'ombe wa kuuza. Mbegu za kupandwa baada ya ukame huwekwa akiba kabla ya ukame, katika mwaka wa neema, wakati hakuna kamera ya televisheni inayopiga picha mizoga na hakuna mfadhili anayepiga simu.

Tuingie shambani tuone kwa nini saa ina maana kubwa hivi.

Mbegu za nyasi za nyika hazina tabia ya mahindi. Wakamba wanazijua nyasi zao kwa majina: mbeetwa, nguu, kilili. Wataalamu huita mbeetwa Eragrostis superba, na nguu Enteropogon macrostachyus. Pamoja nazo iko Cenchrus ciliaris, ambayo imesambaa kutoka kwetu hadi Australia na Marekani kwa uvumilivu wake wa jua. Nyasi hizi zimejaribiwa kwa miaka mingi Kibwezi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Kiboko na shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Ni za hapa, zinajua jua la hapa, na mizizi yake ikishashika hazibembelezwi.

Kazi ni kuifanya ishike. Chukua konzi ya mbegu za Cenchrus uitazame kiganjani. Ina manyoya, ni nyepesi mno, na upepo kidogo tu unaitoa mkononi. Bana ganda moja kwa ukucha. Ndani kunapaswa kuwa na punje ndogo, ngumu, ya rangi ya kahawia. Bana la pili, la tatu, la kumi. Maganda mengi yakiwa matupu, basi umeuziwa makapi kwa bei ya mbegu, na hakuna mvua itakayokuokoa. Kipimo cha pili nacho hakihitaji maabara: hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa kibichi kwenye sahani, zifunike, kilowanishe kila siku, na baada ya wiki mbili uhesabu zilizotoa mche. Ofisi inayonunua mbegu za mamilioni ya shilingi bila sahani na kitambaa haina cha kujitetea.

Halafu kuna usingizi. Mbegu nyingi za nyasi hizi zikivunwa leo na kupandwa wiki ijayo hazioti, hata udongo uwe na maji namna gani. Maumbile yamezifundisha zisidanganyike na manyunyu ya mwisho wa msimu. Zinataka kukaa miezi kadhaa mahali pakavu na penye hewa ndipo ziamke. Kwa hiyo mbegu nzuri ya kupandwa Oktoba ni ile iliyovunwa baada ya vuli iliyotangulia, Januari au Februari, ikakaushwa kivulini, ikatiwa kwenye magunia yanayopitisha hewa na kuwekwa juu ya mbao mbali na panya. Mtu anayeagiza mbegu mpya Septemba ili aipande mwezi unaofuata anaweza kuletewa mbegu nzima kabisa, iliyo hai, isiyo na nia ya kuota mwaka huo.

Udongo nao una masharti yake. Ardhi iliyokanyagwa miaka na miaka, ikapigwa na matone ya mvua bila kifuniko, hufanya gamba juu. Maji yakishuka hayaingii. Yanateleza kwenda korongoni na kuondoka na udongo wenyewe. Ukirusha mbegu juu ya gamba hilo zitasombwa na maji ya kwanza au kubebwa na sisimizi kwenda kichuguuni. Ndiyo maana wenye uzoefu hupitisha plau ya maksai na kuchora mifereji inayokata mteremko, au huchimba vishimo vya nusu duara ambavyo mdomo wake unaelekea juu, maji yanakotoka. Mbegu hutiwa humo, kina kisichozidi sentimita moja hivi. Kisha linaburutwa tawi la mgunga lenye miiba juu ya mifereji, udongo unafunika mbegu kidogo, na kazi imekwisha. Mbegu hizi ni ndogo. Ukizizika kama maharagwe umezizika kweli.

Yote haya yanafanyika wakati gani? Kabla ya mvua, katika udongo mkavu, Septemba ikiishia na Oktoba ikianza. Hapo ndipo kalenda ya ofisi na kalenda ya shamba zinapoachana. Mbegu iliyo ardhini mvua ya kwanza inaponyesha hupata msimu mzima. Huota ndani ya siku chache, na kufikia Desemba mche umekwisha kutoa mizizi ya pili, ile inayoshuka chini kabisa kutafuta unyevu. Mbegu iliyowasili mwishoni mwa Novemba huota vilevile, na ukipita Krismasi utaona ukijani wa kupendeza. Afisa atapiga picha. Lakini mche huo haujapata mizizi ya kuukabili upepo mkavu wa Januari na Februari, na mwezi wa tatu utakuta vumbi. Ripoti itasema ekari kadhaa zilipandwa, nayo itakuwa imesema kweli.

Kila eneo lina saa yake, bila shaka. Ukambani na Kajiado mashariki vuli ndiyo ya kutegemewa kuliko masika, kwa hiyo apandaye Machi anajiongezea hatari. Baringo na Pokot Magharibi mvua kubwa huanza Aprili, na maandalizi yao ni ya Februari na Machi. Dodoma na Shinyanga wana msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba au Desemba. Ratiba moja iliyochapishwa makao makuu na kutumwa kote haina maana; msimu unapangwa wadini, pamoja na watu wanaojua mawingu ya upande ule.

Lakini kabla ya kununua hata kilo moja, kuna swali ambalo huulizwa mara chache: je, ardhi hii inahitaji mbegu? Kuna ardhi iliyochoka na kuna ardhi iliyokufa. Iliyochoka bado ina vishina vya nyasi za kudumu vilivyolalia udongo, na chini yake mizizi iko hai. Ukiipumzisha misimu miwili itarudi yenyewe. Iliyokufa ukitembea mita hamsini huoni kishina, unaona gamba, changarawe na magugu yasiyoliwa. Hiyo ndiyo inayotaka plau na mbegu. Kule Baringo kuna ya tatu, iliyovamiwa na mti wa mathenge, na hapo hata mbegu haina pa kuangukia mpaka mti ule ung'olewe, kazi inayoweza kugharimu kuliko mengine yote.

Majirani zetu wa Shinyanga walilijibu swali hilo zamani. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapobana, ili ndama, wagonjwa na maksai wapate cha kula. Wamaasai wana yao, olopololi na alalili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Serikali ya Tanzania ilishirikiana na wanavijiji kuifufua desturi ile, na kufikia wakati mradi ulipofungwa mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya kazi ile haikuwa kumwaga mbegu. Ilikuwa kukubaliana ni wapi pafungwe, lini pafunguliwe, na anayevunja atozwe nini.

Anayesikia hivyo husema: basi pumzisheni ardhi, ni bure. Si bure. Waulize watu wa Kondoa. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo wote waliamriwa kuondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, wataalamu wakaja kutoka kila pembe kuangalia makorongo yaliyoanza kupona. Ila gharama ya mapumziko yale haikulipwa na mradi. Aliilipa mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kwa ndugu wa mbali, au aliyewauza kwa bei ya hasara, na watoto waliokosa maziwa. Huku kwetu Kenya, Ukambani, serikali ya kikoloni ilitumia njia chafu zaidi mwaka 1938: iliamua ng'ombe wamezidi, ikawakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa, mpaka Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye aliishia kufungiwa Lamu, na leo tunapita kwenye barabara yenye jina lake katikati ya jiji bila kukumbuka kwamba ugomvi ulikuwa wa malisho.

Historia hiyo inafundisha jambo moja la kihasibu. Ardhi inapopumzika, kuna mtu analipa. Mpango usioonyesha ni nani, umemwandika mfugaji maskini kwa wino usioonekana.

Tufanye hesabu, basi, na tuiandike kwa wino unaoonekana. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Msomaji aweke za sokoni kwake. Chukua ekari 10 za ardhi iliyokufa. Mbegu kilo mbili kwa ekari, kilo moja shilingi 1,000: shilingi 20,000. Kulima kwa trekta, shilingi 3,000 kwa ekari: 30,000. Ua wa miiba kuzunguka kipande chenye umbo la mraba ni mita 800 hivi. Kukata, kubeba na kupanga miiba, tuseme 20,000. Mlinzi wa kuzuia mifugo mwaka mzima kwa shilingi 6,000 kwa mwezi: 72,000. Jumla ni shilingi 142,000. Mbegu, ambayo ndiyo tunayoigombania kwenye zabuni, ni chini ya moja ya saba. Nusu ya fedha yote imeenda kwa mtu anayekaa chini ya mti na fimbo, kulinda kitu ambacho bado hakijaonekana. Hata hivyo bajeti nyingi huanza na kuishia kwenye gunia.

Sasa ipanue hesabu hiyo iwe ekari 100 katika kipande kimoja. Mbegu na kulima vinazidishwa kwa kumi: 200,000 na 300,000. Ua hauzidishwi kwa kumi. Kipande cha mraba kikiongezeka mara kumi, mzunguko wake huongezeka mara tatu na kidogo, kwa hiyo ua unakuwa kama mita 2,500 na gharama yake 63,000 hivi. Weka walinzi wawili: 144,000. Jumla ni shilingi 707,000, yaani kama 7,070 kwa ekari, ikilinganishwa na 14,200 kwa yule wa ekari 10. Kushirikiana kumepunguza gharama kwa nusu kabla hata jani moja halijaota.

Hapo pana uchungu kwa sisi wa Kajiado na kwingineko ambako ranchi za jumuiya zimegawanywa vipande vipande, kila mtu na hati yake. Sikatai, hati ina heshima yake, na mabwanyenye waliojigawia ardhi ya wengi ndio waliowatia watu hofu hadi kila mmoja akataka chake. Ila waya wa jirani na jirani hauzuii hasara. Wenye vipande vinavyopakana wanaweza kuandikiana mkataba wa kufunga na kufungua kwa pamoja, wakazungusha ua mmoja na kulipa walinzi wale wale, bila mtu kupoteza hati yake. Kwa ardhi ambazo hazijagawanywa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaipa jamii iliyosajiliwa nguvu ya kutunga kanuni za matumizi ya ardhi yake. Kanuni za malisho zingefaa ziwe za kwanza.

Na mapato? Tuwe wachoyo katika makadirio. Ekari iliyoshika vizuri itoe kilo 1,000 za majani makavu kwa msimu, na nusu yake iachwe shambani ili nyasi zisife. Zinabaki kilo 500. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 hula kama kilo sita za majani makavu kwa siku, kwa hiyo ekari moja inamshikilia siku 80 hivi. Ekari 10 zinashikilia ng'ombe 10 kwa siku zile zile, karibu kiangazi chote cha Agosti hadi mvua. Kuwanunulia chakula hicho kwa marobota ya kilo 15 ungehitaji marobota 320. Kwa shilingi 300 kila moja ni shilingi 96,000, na tunajua kwamba ukame ukikolea bei hiyo haisimami hapo, huku bei ya ng'ombe ikishuka kila soko. Yaani msimu mmoja wa kiangazi unarudisha theluthi mbili ya gharama ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakuna kulima wala kununua mbegu.

Lakini mwaka wa kwanza ndio unaoua. Katika msimu wa kwanza nyasi hazifai kuliwa. Zinapaswa kuachwa zichanue, zizae mbegu, zianguke, ndipo majani makavu yakatwe kwa mundu na kufungwa marobota. Ng'ombe akiingia mapema hang'ati jani. Anang'oa mche mzima na mizizi yake. Mfugaji mwenye ng'ombe sita na watoto watano anaangalia ukijani nyuma ya ua na anaambiwa asubiri. Ukimtaka asubiri, mpe sababu anayoweza kuipeleka dukani.

Sababu hiyo ipo, na imeonekana. Kajiado kuna vikundi vya wanawake wa Kimaasai vinavyotunza mashamba ya mbegu za nyasi, kazi iliyoungwa mkono na shirika la Justdiggit. Hufunga kipande, hupanda, huvuna mbegu kwa mkono na kuzikausha, kisha hukata majani na kuyauza. Kipato cha kwanza hakisubiri ng'ombe anenepe. Baringo, mradi ulioanza mwaka 1982 na kujulikana kama RAE umeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba ardhi iliyokuwa kipara karibu na ziwa inaweza kufungwa, kupandwa na kuendeshwa na kamati za wenyeji, ikauza mbegu, majani ya kuezekea na nafasi ya kunenepesha ng'ombe. Pokot Magharibi, huko Chepareria, familia zilianza kuzungushia malisho yao ua wa miti mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo ukipita barabarani unaona tofauti ya pande mbili za ua bila kuonyeshwa. Popote ilipodumu kazi hii, aliyesubiri alilipwa.

Najua pingamizi zinazokuja. Ya kwanza: mvua ikikosa? Inaweza kukosa, na mbaya zaidi inaweza kudanganya, ikanyesha siku mbili, mbegu zikaota, kisha jua likawaka wiki tatu. Ndiyo maana hakuna mwenye akili anayemwaga mbegu zake zote mara moja. Panda theluthi mbili, bakiza theluthi moja ghalani. Changanya aina mbili au tatu, kwa kuwa nguu huwahi kuota na nyingine huchelewa, na si zote zitakazonaswa na mvua ya uongo. Mbegu iliyobaki kavu ardhini bila kuota haijapotea yote. Nyingine husubiri mvua ya kweli. Hatari ipo pande zote mbili, lakini aliyepanda mapema huipata mara moja moja. Aliyechelewa anaipata kila mwaka.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Ufugaji wa nyika uliishi kwa kuhama, na kila ua unaojengwa unaziba njia ya mtu. Ni kweli. Nimeona mwenye nguvu akizungushia waya ardhi ya wote kwa kisingizio cha kuotesha nyasi, na waya ule haujafunguliwa mpaka leo. Kwa hiyo nasema: tarehe ya kufungua iandikwe siku ile ile ya kufunga, mbele ya mkutano, na njia za mifugo kwenda majini na kwenye malisho ya mbali zibaki wazi. Mbegu ya umma isiingie kwenye ua ambao hauna tarehe.

Kwa hiyo ninazitaka serikali za kaunti, na wizara ya mifugo inayozisimamia kisera, zifanye nini? Zipeleke fedha za malisho kwenye msimu wake. Mikataba ya kununua mbegu kutoka kwa vikundi isainiwe mwaka wa fedha unaotangulia, mbegu zivunwe Januari na Februari, zinunuliwe na kupimwa kabla ya Juni 30, na Julai ziwe tayari kwenye maghala ya wadi. Agosti iwe ya mikutano: wapi pafungwe, nani alinde, lini pafunguliwe. Septemba iwe ya plau. Mvua ya kwanza ikianguka, ofisi isiwe na kazi nyingine ila kuangalia.

Kisha bajeti ibadilishwe sura. Kwa kila shilingi ya mbegu, ziwepo shilingi za kulima, za ua na za mlinzi, na kwa familia maskini liwepo fungu la marobota ya kuwavusha ng'ombe wao katika mwaka wa kusubiri. Bila fungu hilo ua utafunguliwa usiku, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu aliyeufungua. Maghala ya mbegu yajazwe katika miaka ya neema, sehemu moja ya tatu isiguswe mpaka ukame upite, na mbegu zizungushwe kila mwaka ili zisizeeke. Wakaguzi nao waache kuhesabu ekari siku ya kupanda. Wahesabu vishina vya nyasi baada ya misimu miwili, na malipo ya mwisho ya mkandarasi yangoje hesabu hiyo.

Kwa mfugaji mwenzangu maneno yangu ni machache. Usisubiri lori. Vuli ikiisha na nyasi kando ya barabara au ndani ya ua wa shule zikakomaa, omba ruhusa, pukuchua mbegu, zikaushe, zitie guniani. Fungia robo ekari ya ardhi yako iliyo mbaya kuliko zote na ujaribu mwaka huu, kwa maksai wa jirani na tawi la mgunga. Mchumia juani hulia kivulini, na jua la kazi hii ni la Septemba. Ukifika Novemba bila mbegu ardhini, weka gunia lako vizuri, linda ulicho nacho, na ujiandae kwa mwaka ujao. Hasara ya kungoja mwaka mmoja ni ndogo kuliko ya kupanda kwa kuchelewa.

Kaunti nazo zishike kanuni hiyo hiyo: mbegu isiyofika wadini kufikia mwisho wa Septemba isipandwe, na aliyeichelewesha aeleze mbele ya bunge la kaunti ni kwa nini.